Glavu za Mgeni Rasmi

Nchi hii haimo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Na akifika katikati ya hadithi akaona inafanana na nchi fulani anayoijua, hilo ni shauri la macho yake. Tuiite Sambaruta, ili tupate pa kuanzia. Sambaruta ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi, ilikuwa na mikorosho kila upande, na ilikuwa na Wizara ya Itifaki yenye ving'ora vingi kuliko magari ya wagonjwa ya nchi nzima.

Sasa, mataifa makubwa yanayokula korosho za Sambaruta yalikaa kikao katika mji mmoja wa baridi. Wajumbe wakala korosho, wakanywa kahawa, wakasikitika sana. Kisha wakaafikiana: yaliyopita basi, kuanzia sasa kila kampuni duniani iheshimu haki za binadamu. Wakaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, wakakituma kila nchi pamoja na onyo kwamba nchi itakayoonekana haiheshimu, korosho zake zitabaki kwao ziliwe na panya.

Ikulu nzima ya Sambaruta iliingiwa na ubaridi. Lakini Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Daktari Mbwambwaja, alicheka mpaka tai ikapinda.

"Hawa wametuchokoza pale pale tulipo hodari," akasema. "Barabara hatuna, sawa. Dawa hatuna, nakubali. Lakini heshima? Heshima tunayo ya kula na kusaza! Tunaheshimu mpaka picha ukutani. Itatushinda haki za binadamu?"

Akatoa amri siku hiyo hiyo, redioni, baada ya wimbo wa taifa kupigwa wote. Kitabu hicho ni mgeni, tena mgeni mkubwa, na kitaitwa Mheshimiwa Haki za Binadamu. Kila kampuni ipokee nakala moja, na kila nakala ni mgeni rasmi. Apewe kiti cha mbele chenye mto na kitambaa cha kufuma, chupa ya maji na ua. Akipita, watu wasimame. Kila mtu amwamkie shikamoo, awe mkubwa awe mdogo, na anayembeba ndiye aitikie marahaba kwa niaba yake. Asishikwe kwa mikono mitupu. Akishanyanyuliwa kitini asiwekwe chini mpaka Waziri mwenyewe atamke kwa kinywa chake. Na akipata doa, hata la chai, meneja wa kampuni hiyo atalala ndani.

Mwandishi mmoja wa habari akauliza kama kitabu kinaruhusiwa kufunguliwa.

"Mgeni akifika nyumbani kwako," Waziri akamuuliza, "unamfunua nguo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi kaa."

Akakaa, na suala la kilichomo ndani ya kitabu likawa limekwisha katika Sambaruta.

*

Kiwanda cha Tunu ya Sambaruta kilikuwa kinabangua korosho. Ndani kulikuwa na banda refu la bati, na humo wanawake walikaa chini kwa mistari, kila mmoja na jiwe lake na kigongo chake. Unaweka korosho juu ya jiwe, unapiga mara moja, unatoa ya ndani nzima bila kuivunja. Shida ni ganda. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza kuliko mafuta ya kukaangia, na hayaunguzi kwa haraka ukapiga kelele ukapona. Yanaingia taratibu. Wanawake walijipaka majivu mikononi asubuhi, na ikifika mchana majivu yote yamelowa meusi, ngozi inabanduka.

Katika mstari wa tatu alikaa Somoe. Alikuwa msichana wa maneno machache, aliyeishia darasa la saba, mwenye tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema na bado akaendelea kumtazama. Wenzake walizoea. Meneja alikuwa hajazoea.

Somoe alikuwa na mtoto mchanga, Tausi, aliyekuwa akibaki na bibi yake chini ya turubai nje ya geti. Siku za kwanza baada ya kurudi kazini, Somoe alitoka mbio wakati wa chakula akamshika mwanawe shavuni. Alikuwa amenawa. Alikuwa amesugua kwa mchanga, kwa sabuni, kwa ndimu. Usiku shavu la mtoto likavimba, na kesho yake pale palipokuwa na vidole palikuwa na alama nne nyekundu.

Tangu hapo hakumgusa. Ilipofika saa ya kunyonyesha, mama yake Somoe alimshika mtoto akamweka kifuani, na Somoe akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi, mpaka mtoto ashibe.

"Hata usingizi anaupata kwangu," mama yake alisema siku moja. Hakusema kwa ubaya. Lakini Tausi alipolia siku hizo alikuwa ananyoosha mikono kwa bibi, akimpita mama yake kwa macho kama anavyopita nguzo.

Somoe akaenda kwa Meneja kuomba glavu.

Meneja Chilumba alikuwa mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, ambazo zote hazikuwa na wino. "Glavu!" akasema. "Binti yangu, ukivaa glavu utaisikiaje korosho? Korosho inataka mkono."

"Mkono unaisha, Meneja."

"Suala la glavu lipo kwenye mchakato."

"Mchakato unaisha lini?"

"Mchakato hauishi, ungeisha usingekuwa mchakato. Nenda kazini."

Somoe akamtazama. Meneja akatazama dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa na bati.

*

Mheshimiwa Haki za Binadamu aliwasili kiwandani kwa gari la wazi, na ving'ora mbele. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene, jalada la bluu. Kilikuwa kimechapwa na shemeji yake Waziri, aliyeshinda zabuni kwa sababu hakukuwa na mwombaji mwingine aliyeambiwa kwamba kuna zabuni. Wafanyakazi wote walipangwa uani wakaambiwa waamkie kwa pamoja.

"Shikamoo, Mheshimiwa Haki!"

"Marahaba," akaitikia Meneja kwa sauti nzito, maana ndiye aliyekuwa amekibeba. Na mikononi alikuwa amevaa glavu.

Zilikuwa glavu za mpira, nyeupe, nene, zilizofika hadi kwenye viwiko. Kampuni ilikuwa imeziagiza nje ya nchi kwa ndege ili Mheshimiwa asishikwe ovyo. Kitabu kikakalishwa kwenye kiti chenye mto katika chumba cha ubao wa matangazo, kikawekewa maji na ua, na glavu zikawekwa pembeni yake katika sanduku la kioo. Mlinzi akasimama mlangoni.

Bi Zamda, mwanamke mtu mzima aliyekaa jiwe la jirani na Somoe, alichungulia kupitia kioo akarudi ameshika kiuno.

"Mwenzangu, nimeona makubwa. Kitabu kina mto. Mimi nakalia kopo la rangi."

"Kinalindwa kisichafuke," Somoe akasema.

"Na mimi nikichafuka?"

"Wewe si mgeni, Bi Zamda."

"Kweli. Kosa langu kuzaliwa hapa hapa."

*

Haukupita muda, mataifa ya mji wa baridi yakatuma mkaguzi, mama mmoja mrefu aitwaye Bi Liselotte, mwenye viatu imara na huruma nyingi. Waziri mwenyewe akaja naye. Bi Liselotte akaonyeshwa kiti, mto, maji na ua. Akaandika. Akaonyeshwa watu wanavyosimama kitabu kikipita. Akaandika tena. Kisha akasema, kupitia mkalimani wa Wizara, kwamba angependa kupiga picha moja tu: mfanyakazi wa kawaida ameshika kitabu cha haki zake.

Meneja akatokwa na jasho. Mfanyakazi wa kawaida, kwa mikono ile? Doa litaonekana mpaka ng'ambo, na yeye alale ndani! Akaangaza macho kwenye mistari akitafuta mtu asiye na maneno mengi.

"Wewe, Somoe. Njoo. Nawa. Nawa tena. Vaa hizi."

Somoe akavaa glavu. Ndani zilikuwa na unga unga laini, kama wa mtoto. Alisimama akakunja vidole, akavikunjua, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakusikia kitu. Mikono yake ilikuwa kimya. Akakinyanyua kitabu kitini.

"Shikamoo," akasema Waziri Mbwambwaja, kwa kuwa Mheshimiwa Haki alikuwa amekwisha nyanyuliwa na amri ni amri.

Somoe akageuka kutazama nyuma aone anaamkiwa nani.

"Itikia!" Meneja akanong'ona.

"Marahaba," akasema Somoe.

Mstari wa nyuma mtu akacheka akajifanya anakohoa.

Bi Liselotte akapiga picha, akainama kumtazama Somoe usoni, akauliza swali.

"Anauliza," akasema mkalimani, "glavu hizi mnavaa tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Mkalimani akatafsiri kirefu kirefu, kwa mikono pia. Bi Liselotte akaweka kiganja kifuani, akaandika ukurasa mzima.

"Sasa sikiliza, binti," Waziri akamwambia Somoe. "Umembeba mgeni wa taifa. Usimweke chini mpaka nikuambie mimi, kwa kinywa changu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Hapo hapo simu ya Waziri ikalia: ndege ya kwenda mji wa baridi, kwenye mkutano mkubwa wa kueleza jinsi Sambaruta inavyoheshimu, ilikuwa inamsubiri. Akaruka garini pamoja na mkaguzi, ving'ora vikalia, vumbi likatimka. Vumbi lilipotulia, Somoe alikuwa amesimama uani na kitabu mikononi.

*

Meneja akazunguka mara moja, akazunguka tena.

"Rudisha hizo glavu," akasema.

"Nikivua nitamshika kwa mikono mitupu."

"Basi mrudishe kitini kwanza."

"Waziri hajaniambia nimweke chini."

Meneja akapiga simu Wizarani. Akaambiwa Mheshimiwa yuko hewani, na akitua ataingia mkutanoni, na mkutano utakuwa na vikao, na vikao vitakuwa na maazimio. Kumwagiza kitu mtu aliye kwenye maazimio ni utovu wa itifaki. Meneja akakata simu polepole.

Wakati huo huo nje ya geti Tausi akaanza kulia. Kile kilio cha njaa, kinachoanza chini kikipanda. Somoe akatazama kitabu, akatazama geti. Akaomba khanga ya Bi Zamda, akainama, akakirusha kitabu mgongoni, akakifunga mbeleko kama mtoto, fundo kifuani. Akatoka.

"Unakwenda wapi na Mheshimiwa?" Meneja akapiga kelele, kisha akakumbuka. "Shikamoo!"

"Marahaba," akajibu Somoe bila kugeuka.

Chini ya turubai mama yake alikuwa tayari ameshamwinua mtoto, kama kawaida, akisubiri Somoe ainue mikono juu. Somoe akainyoosha mbele. Mama yake akatazama glavu, akatazama mgongo wenye kitabu, akaamua kwamba maswali yatakuja baadaye. Akampa.

Tausi akanusa mpira, akapiga chafya. Akanyamaza. Akamtazama huyu mtu aliyemshika, akamtazama sana, kwa macho yale yale ya mama yake, kisha akaanza kunyonya. Mlinzi na Meneja walikuwa wamesimama wima barabarani, kwa sababu Mheshimiwa Haki hakuwa ameketi.

*

Tangu siku hiyo Somoe alibangua korosho amevaa glavu nyeupe na kitabu mgongoni, na Meneja hakupata kukaa akiwa ndani ya banda. Ingeweza kuendelea hivyo, wenzake wakimwonea wivu na Bi Zamda akimwamkia shikamoo kwa kumtania, kama si gundi. Shemeji yake Waziri alikuwa amekibandika kitabu kwa uji wa muhogo. Joto la banda na jasho la mgongo vikauyeyusha uji, na siku moja Somoe anavuka ua, upepo wa vumbi ukaja, jalada likafunguka, na Mheshimiwa Haki za Binadamu akatawanyika angani.

Kurasa zikaruka juu ya paa, zikashuka polepole. Meneja akatoka mbio.

"Zisianguke chini! Mtu asimweke chini! Zishikeni! Aa, msizishike! Mikono! Mikono yenu!"

"Amua moja, baba," akasema Bi Zamda.

Wanawake wakavua khanga, wakazitandaza wazi, wakakinga. Kila mmoja akapata ukurasa, wengine wawili. Kisha wakasimama uani na khanga zao wamezishika pembe, hawawezi kwenda wala kukaa wala kubangua, na lori la korosho likisubiri kupakiwa.

Meneja akawatazama. Akaona jela, akaona lori, akaona tena jela. "Nenda mjini!" akamfokea dereva. "Lete glavu! Za wote! Zilizopo zote!"

"Na mchakato?" Somoe akamuuliza kwa upole.

"Achana na mchakato! Kuna karatasi zitachafuka hapa!"

Basi wanawake wote wa Tunu ya Sambaruta wakavalishwa glavu ili wasiichafue karatasi. Kila mmoja akafunga ukurasa wake mgongoni, akarudi kwenye jiwe lake. Na kwa kuwa mgeni alikuwa amekwisha funuka mwenyewe, na hakuna aliyemfunua, wakaanza kumsoma wakati wa chakula.

Bi Zamda hakujua kusoma. Akampa Somoe ukurasa wake.

"Umeandikwa hivi: Ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi."

"Basi?"

"Basi."

Bi Zamda akafikiri. "Hiyo ndiyo haki yangu?"

"Ndiyo iliyokuangukia."

"Sawa. Nitaitunza hivyo hivyo."

Jirani yake akasoma wake kwa sauti: mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Meneja, aliyekuwa anapita, akaziba masikio. "Someni kimya! Hayo ni mambo ya ndani ya mgeni!"

Ngozi ya Somoe ikabanduka, ikaota nyingine chini yake, nyembamba, ya waridi, halafu ikakaza. Kila siku akirudi nyumbani alivua glavu akaitazama chini ya taa. Hakuthubutu kumgusa mtoto bado. Ile ngozi mpya aliiamini, mafuta ya zamani hakuyaamini.

*

Waziri akarudi. Amri yake ilifika kabla yake: leo atatamka, kurasa zote ziwekwe chini, kitabu kishonwe upya, kirudi kitini. Meneja akashona gunia kubwa, akalisimamisha kando ya geti. Ni la kukusanyia glavu. Alikuwa amekwisha ongea na duka, wangezichukua tena kwa nusu bei.

Wanawake wakapangwa uani, kurasa mgongoni. Somoe alikuwa mwanzoni mwa mstari, analiona gunia vizuri. Mdomo wa gunia ulikuwa wazi.

Mheshimiwa Mbwambwaja akashuka garini amevaa nishani aliyopewa katika mji wa baridi. Akasafisha koo. Afisa wa itifaki akamnong'oneza.

"Mheshimiwa, salamu kwanza."

"Niamkie nani? Mgeni ni mmoja."

"Amri yako yenyewe haisemi vipande, Mheshimiwa. Ukimruka mmoja, utakuwa umemruka mgeni rasmi."

Waziri akahesabu wanawake kwa macho, akameza mate. Akamwendea Somoe.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema Somoe. Waziri akageuka kwenda kwa wa pili. "Habari za safari?" akauliza Somoe.

Waziri akasimama. Mgeni rasmi hapewi mgongo akiwa anauliza. "Njema."

"Za huko baridi?"

"Njema."

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na huyo mdogo, kikohozi kimepona?"

Waziri hakuwa na mtoto mwenye kikohozi, lakini itifaki hairuhusu kumbishia mgeni. "Kimepona, ahsante."

Wa pili alikuwa amesikiliza. Akauliza yote hayo, akaongeza mvua. Wa tatu akaongeza mazao, mkwe na majirani. Jua likapanda. Alipofika kwa Bi Zamda, tai ya Waziri ilikuwa imelowa na mstari ulikuwa bado unapinda kuzunguka banda.

"Shikamoo," akasema Waziri kwa sauti ya mgonjwa.

"Marahaba, mwanangu! Umekonda. Hawakulishi huko? Hebu nisimulie tangu ulipoondoka."

Waziri akaanza kusimulia. Katika simulizi alikuwa bado uwanja wa ndege wakati simu ya afisa ilipolia.

"Mheshimiwa! Wametuma kitabu kingine. Haki za Wanyama ametua sasa hivi, yuko peke yake uwanjani, hakuna hata zulia."

"Hakuna zulia?" Waziri akashika kichwa. "Tutaaibika dunia nzima!" Akakimbilia gari. Ving'ora vikalia.

"Mheshimiwa!" Meneja akamfuata mbio, gunia mkononi. "Hujatamka! Neno moja tu! Mheshimiwa!"

Gari likapinda kona.

Kisha Bi Zamda akasema, "Basi jamani, korosho hazijibangui," na wanawake wakaingia ndani wakicheka, glavu zao mikononi. Meneja akabaki barabarani na gunia tupu, amesimama, akiamkia kila ukurasa uliopita mlangoni.

Somoe hakuingia. Alitoka nje ya geti mpaka kwenye turubai, akanawa, akavua glavu, akanawa tena. Akakaa chini. Mama yake akamwekea Tausi mapajani, akabaki ameinama hapo hapo, tayari kumnyakua.

Somoe akaweka ncha ya kidole kimoja kwenye shavu la mtoto. Akaondoa. Wakasubiri wote wawili, wakilitazama lile shavu.

"Vipi?" mama yake akauliza.

"Subiri."

Shavu likabaki vile vile. Somoe akarudisha kidole. Tausi akakidaka, akakipeleka moja kwa moja mdomoni, akaanza kukiuma kwa fizi. Mama yake Somoe akanyoosha mkono kukitoa.

"Mwache," akasema Somoe.